Ndoo ya chakula ya wachimba makaa wa Tug Fork: cha kukagua kabla hujalipa

Ndoo ya mviringo ya alumini, ile ambayo wachimba makaa ya mawe wa bonde la Tug Fork, Marekani, walishuka nayo mgodini kwa miongo mingi, bado ni chombo kizuri cha kubebea chakula na maji ya zamu ndefu. Tunaipendekeza, lakini kwa masharti. Nyingi unazozikuta leo kwenye maduka ya vitu vya kale ya Williamson, Matewan na Pikeville zimepungukiwa kitu: trei imepotea, mfuniko umepinda, tako limetoboka, au masikio ya mpini yamelegea. Nyingine ni za bati lililolehemiwa kwa madini ya risasi, na hizo hazifai kuwekewa chakula hata zikiwa zinang'aa. Ukipata iliyo kamili na nzima, umepata chombo kilichobuniwa na watu waliojua hasa mchimbaji anahitaji nini akiwa kilomita kadhaa ndani ya mlima.

Ndoo kamili ina vipande vinne. Cha kwanza ni ndoo yenyewe, yenye tako bapa, upana wa sentimita 18 hadi 20 na kimo cha 20 hadi 25. Vipimo hutofautiana kidogo kwa kila mtengenezaji. Ndani yake hukaa trei yenye kina, ambayo ukingo wake hushika mdomo wa ndoo, hivyo tako la trei linabaki hewani juu ya maji. Juu ya hiyo hukaa trei ya pili, fupi. Mwisho ni mfuniko unaoshika kwa kubana tu, bila komeo wala bawaba. Mpini ni waya wa chuma uliopita kwenye masikio mawili yaliyofungwa kwa ribiti (pini zinazogongwa ncha zitandazike), na zile bora zina kipande cha mbao katikati ili waya usikate kiganja. Maji chini, chakula kizito katikati, kitamu juu. Anayevijua vyombo vya kupangana ambavyo Wahindi wa Mombasa na Zanzibar hubebea chakula ataelewa mara moja, ila hapa vyote vimezama ndani ya chombo kimoja, na ghorofa ya chini ni ya maji.

Kabla ya kuihukumu ndoo lazima ujue ilipotumika. Tug Fork ni mto wa mpakani. Ukingo mmoja ni kaunti ya Mingo, jimbo la West Virginia. Ng'ambo ni kaunti ya Pike, jimbo la Kentucky. Mto unateremka kuelekea kaskazini-magharibi hadi Louisa, Kentucky, unapokutana na Levisa Fork na kuwa mto Big Sandy. Reli ya Norfolk and Western ilipopenya bondeni mwanzoni mwa miaka ya 1890, migodi ilifunguliwa kingo zote mbili. Kampuni ya Borderland, kwa mfano, ilikuwa na migodi West Virginia na Kentucky, mto ukipita katikati. Watu walioa na kuolewa ng'ambo, wakazikana ng'ambo, na wengi walivuka jimbo kila siku kwenda kazini.

Milima ni mikali na ardhi tambarare ni utepe mwembamba kando ya maji, kwa hiyo makazi yalijengwa na kampuni, nyumba zikipangwa mstari mmoja au miwili chini ya mteremko. Kodi ya nyumba, ada ya daktari, baruti na gharama ya kunoa zana vilikatwa kwenye hesabu ya mchimbaji kabla ya siku ya malipo. Aliyehitaji fedha kabla ya siku hiyo alipewa sarafu za kampuni, za kutumia kwenye duka la kampuni. Duka liliuza kila kitu kuanzia baruti hadi viatu, unga, na ndoo yenyewe. Ndiyo maana ndoo ilitunzwa kwa miaka mingi na kukarabatiwa badala ya kutupwa: kununua mpya kulimaanisha kuongeza deni.

Kazi ya kufungasha ilikuwa ya mke au mama, mara nyingine binti mkubwa. Kwa zamu ya asubuhi jiko la makaa liliwashwa saa kumi alfajiri. Migodi ilipoanza kutumia mashine na kufanya kazi usiku na mchana, ikaja pia zamu ya jioni na ya usiku wa manane, na nyumba yenye baba na wana wawili mgodini ingeweza kufungasha ndoo tatu kwa saa tatu tofauti. Ukitaka kujua familia ya makaa iliishi kwa ratiba gani, angalia saa za ndoo.

Namna ya kufungasha ni hii, na inafaa kuifuata hata leo kwa sababu umbo la ndoo ndilo linaloidai. Kwanza ingiza trei kubwa ikiwa tupu, pima kwa nje tako lake linafika wapi, kisha itoe. Jaza maji hadi upana wa vidole viwili chini ya alama hiyo. Ukizidisha, trei ikishuka inasukuma maji yapande kandokando yake, na ndoo ikitikisika garini maji hayo yanaingia kwenye mkate. Hilo ndilo kosa la kawaida kabisa la mtumiaji mgeni, na wengi humlaumu mtengenezaji bure. Pili, futa ukingo wa mdomo na ukingo wa trei uwe mkavu. Unyevu kati ya vyuma viwili laini huvifanya vishikane. Tatu, weka chakula.

Trei kubwa hupenda vyakula vikavu na vizito: mkate wa mahindi, viazi vya kukaanga, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi ikiwa ndani ya vimkate vya ngano, yai la kuchemsha. Maharage ya madoadoa, ambayo ndiyo chakula cha kila wiki katika milima hii, hufaa yakichemshwa hadi mchuzi uwe mzito. Yakiwa mepesi yatie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kuzungusha, kisha usimamishe chupa ndani ya trei. Trei ya juu ni ya mkate wa tufaha uliokunjwa na kukaangwa, kipande cha keki, au tunda. Sehemu kubwa ya vitu hivi ilitoka bustanini, kwenye banda la kuku na kwa nguruwe aliyechinjwa majira ya baridi yalipoanza. Vya dukani vilikuwa unga, kahawa, sukari na mafuta. Familia yenye bustani nzuri ilidaiwa kidogo, na hilo lilionekana ndani ya trei.

Trei ya juu ina habari nyingine ambayo kila aliyekulia kwenye makambi ya makaa ataitaja. Wachimbaji wengi walibakiza kipande cha kitamu kwa makusudi, na watoto walikimbilia ndoo baba alipofika barazani. Keki ileile iliyopikwa nyumbani asubuhi ilikuwa tamu zaidi ikitoka mgodini. Kwa mnunuzi, maana yake ni moja: usikubali ndoo isiyo na trei ya juu kwa bei ya ndoo kamili. Ni kipande chepesi kuliko vyote, ndicho kinachopotea kwanza, na bila hicho mfuniko hukaa juu ya chakula na kukiponda.

Sasa maji, ambayo kwa maoni yetu ndiyo sababu kubwa ya kuisifu ndoo hii. Ndoo ya kawaida hubeba lita tatu hivi chini ya trei. Mchimbaji wa enzi za sururu na sepetu alipakia tani kadhaa kwa siku kwa nguvu za mikono na kulipwa kwa tani. Kutega mihimili ya kuzuia paa na kuondoa mawe yaliyoporomoka hakukulipiwa. Alitoka jasho sana, na mgodini hakukuwa na maji ya kunywa. Maji yanayotiririka humo yamepita kwenye vumbi, mafuta, chuma na samadi ya nyumbu waliovuta mabehewa. Lita tatu zilikuwa za siku nzima.

Maji hayohayo yalilisha taa. Taa ya kabaidi iliyovaliwa kwenye kofia ilikuwa na vyumba viwili: cha chini kilijazwa vipande vya kalsiamu kabaidi, cha juu maji. Kwa kuzungusha kishikio kidogo, maji yalidondoka tone kwa tone juu ya kabaidi, gesi ya asetilini ikatoka kupitia tundu dogo mbele ya kioo cha kuakisi na kuwaka. Ujazo mmoja ulidumu saa mbili hadi nne, kutegemea ukubwa wa taa na wa mwali. Baada ya hapo mchimbaji alimwaga chokaa iliyobaki, akaweka kabaidi mpya kutoka kwenye kikopo chake, kisha akaongeza maji kutoka kwenye ndoo. Aliyekunywa maji yote kabla ya wakati alikuwa anahatarisha mwanga wake pia. Mwali huo ulikuwa wa wazi, na kwenye mgodi wenye gesi ya methani uliweza kuleta mlipuko, ndiyo maana taa za umeme zenye betri zilichukua nafasi yake kadiri miaka ilivyosonga. Ndoo ikabaki.

Kulikuwa na kanuni nyingine, ambayo wazee waliwafundisha vijana siku ya kwanza: usimalize maji hadi utoke nje. Paa likiporomoka na kuziba njia, anayesubiri kuokolewa anahitaji maji kuliko kitu chochote isipokuwa hewa. Wengi walibakiza pia kipande cha mkate. Ukikuta ndoo yenye mstari wa chokaa ndani, sentimita mbili au tatu kutoka chini, huo ni mstari wa maji yaliyokaa muda mrefu bila kumalizwa, na unatoka kwa siki bila shida.

Baadhi ya wauzaji husema maji ya chini "yanapoza" chakula kama jokofu. Hapo tunawapinga. Kinachohifadhi chakula ni mgodi wenyewe. Hewa ndani ya migodi ya milima hii hukaa karibu na nyuzi 13 za Selsiasi mwaka mzima, na kwenye baridi hiyo nyama ya chumvi na mkate vinakaa saa kumi bila tatizo. Maji yanasaidia tu kuzuia joto lisipande ghafla ukiwa bado nje, hasa Julai na Agosti. Kwa hiyo anayetaka kuitumia mahali pa joto ajue mapema. Kwenye migodi ya kina kirefu ya Mirerani, ambako ndani kuna joto na unyevu, nyama kwenye trei hii itaharibika upesi. Hapo ibebee maji, matunda na mihogo mikavu, basi.

Mfuniko una kazi tatu. Ya kwanza ni panya. Migodi ya zamani ilikuwa na panya wengi wakubwa, walioishi kwa chakula cha nyumbu na makombo ya watu, na walitafuna mbao, ngozi na kitambaa bila shida. Chuma kiliwashinda, mradi mfuniko ubane. Wachimbaji hawakuwaua ovyo, wakiamini kwamba panya wakikimbia ghafla paa linakaribia kushuka, na wengi waliwatupia makombo. Ya pili ni vumbi jeusi la makaa. Ya tatu ni vumbi jeupe, ambalo wageni hawalijui: mawe ya chokaa yaliyosagwa, yanayopuliziwa kwenye kuta, paa na sakafu ya mgodi ili vumbi la makaa lisiweze kulipuka. Kanuni za Marekani zinataka angalau asilimia 80 ya vumbi lililotulia mgodini liwe lisiloweza kuwaka. Halina sumu kwenye chakula, lakini husaga meno kama mchanga, na hupenya kwenye mfuniko uliopinda hata kidogo.

Kasoro zake ni za kweli, na kubwa kabisa ni kimo. Mishipa ya makaa ya bonde hili haina unene mmoja. Kuna sehemu mtu anasimama wima, na kuna sehemu paa liko chini ya mita moja, mchimbaji anatambaa kwa magoti na viwiko zamu nzima. Huko ndoo ya kimo cha sentimita 25 ni mzigo mbaya: haibebeki kwa mpini kwa sababu mpini unahitaji nafasi juu, inaburutwa, inapinduka, maji yanapanda kwenye mkate. Kwa makaa ya chini, yaani yenye paa fupi hivyo, tafuta ndoo fupi na pana, au kisanduku cha mstatili cha chuma na chupa ya maji pembeni. Anayekuambia ndoo ndefu inafaa kila mgodi hajawahi kuuliza unene wa mshipa.

Kasoro ya pili ni alumini yenyewe. Ni nyepesi, ndoo tupu haifiki kilo moja, na haishiki kutu. Lakini ni laini. Ikianguka na mdomo juu ya reli, mviringo unakuwa yai, na mfuniko haubani tena. Pia haivumilii pande mbili za kemia. Vyakula vichachu, kama nyanya, kabichi chachu na achali ya siki, vikikaa saa nyingi huitoboa vijitundu na kuacha ladha ya chuma. Vitie kwenye chupa ya kioo. Upande wa pili ni sabuni kali. Familia za makambi zilitengeneza sabuni kwa mafuta ya nguruwe na kostiki (magadi makali), na sabuni ambayo kostiki imezidi hula alumini waziwazi: utaona vipovu na rangi nyeusi. Ndoo nyingi zilizochakaa tako hazikuchakazwa na mgodi, zilichakazwa na beseni la kuoshea. Osha kwa sabuni laini ya vyombo na kitambaa. Steelwool huacha mikwaruzo ambamo chumvi hukaa na kuanza kula chuma.

Jambo la usalama, kwa anayetaka kuishusha mgodini leo: alumini ikigongana na chuma chenye kutu inaweza kutoa cheche yenye joto kali kuliko cheche ya chuma kwa chuma. Mgodi wenye methani hautaki hilo. Muulize msimamizi wa usalama kabla hujaingia nayo. Desturi ya zamani ya kuitundika kwenye msumari wa nguzo ya mbao, mbali na reli na mbali na uso wa makaa unaolipuliwa, ilikuwa na sababu zaidi ya panya.

Ukaguzi dukani usichukue chini ya dakika kumi. Ishike ndoo kwanza: nyepesi sana kwa ukubwa wake na rangi ya kijivu ni alumini, nzito kidogo, yenye madoa ya kutu kwenye mishono, ni bati. Jaribu sumaku. Sumaku ikinasa mwilini mwa ndoo, hiyo ni chuma kilichopakwa bati, zinki au enameli. Ya bati huwa na mishono iliyolehemiwa, na lehemu ya zamani ina risasi. Iweke rafuni kama pambo, usiitie maji ya kunywa. Ya zinki nayo haifai kwa vyakula vichachu. Ya enameli usiitumie ikiwa imebanduka ndani.

Kisha geuza mdomo uelekee dirisha na pima upana kwa njia mbili, mlalo na wima. Tofauti ya milimita tatu au zaidi maana yake mfuniko utavuja vumbi. Ikiwa pungufu ya hapo, inaweza kunyooshwa kwa kuiweka juu ya gogo la mviringo na kugonga taratibu kwa nyundo ya mbao au ya mpira, ukizunguka mdomo wote. Usigonge sehemu moja tu, alumini iliyokwisha kupinda mara mbili hupasuka. Ingiza trei zote mbili. Zinapaswa kushuka kwa uzito wake na kutoka kwa vidole viwili. Trei iliyoganda usiitoe kwa bisibisi: mimina maji ya moto nje ya ndoo na maji baridi ndani ya trei, subiri dakika moja, kisha zungusha.

Kagua ribiti za masikio kwa kutikisa mpini. Zikicheza, maji yanaweza kuvuja hapo ndoo ikiinama, kwa sababu ribiti zimepenya ukuta wa ndoo. Fundi huzikaza kwa dakika chache: kichwa cha ndani kinalazwa juu ya chuma kizito, cha nje kinagongwa kwa nyundo ndogo hadi kitandazike. Usikubali gundi wala lehemu. Baadaye omba maji. Jaza ndoo, kausha nje, isimamishe juu ya gazeti kwa nusu saa. Vijitundu vya tako ni vidogo kiasi kwamba jicho halivioni, gazeti litavionyesha. Muuzaji anayekataa jaribio hili anajua jibu lake.

Mahali pengine pa kuangalia ni ule ukingo uliokunjwa juu. Bonde hili lina historia nzito ya mafuriko; yale ya Aprili 1977 yalizamisha Williamson na Matewan na kuchukua nyumba nyingi kingo zote mbili, na Februari 2025 mto ukapanda tena kwa nguvu. Ndoo iliyopita kwenye mafuriko hubaki na tope ndani ya mkunjo, na tope la mto uliochanganyika na maji taka na dizeli si kitu cha kuacha karibu na chakula. Chemsha ndoo nzima ndani ya sufuria kubwa dakika kumi, pitisha uzi mnene ndani ya mkunjo, rudia hadi uzi utoke safi. Ukitaka kuondoa weusi, chemsha maji yenye vijiko viwili vya siki au limau kwa kila lita, robo saa inatosha. Kama mkunjo umeoza na kufumuka, iache.

Ukikuta jina au namba imekwaruzwa kwa msumari kwenye mfuniko, usiisugue. Ndoo zilifanana, na zilipangwa pamoja mahali pa kulia, kwa hiyo kila mtu aliweka alama. Mnunuzi anayeifuta anaharibu sehemu yenye thamani kuliko zote, na pengine kuna familia bondeni ambayo ingeitambua.

Tukiilinganisha na kisanduku cha plastiki chenye barafu ambacho wachimbaji wengi wa sasa hubeba, ndoo inashindwa kwa mambo mawili: kuhifadhi baridi na kuzuia kumwagika. Inashinda kwa uimara, kwa kusafishika, na kwa maji mengi ndani ya umbo dogo. Mgodi wa leo una mashine za kukata makaa, na kikosi hula pamoja karibu na kituo cha umeme. Wengine hufunga chakula kwa karatasi ya alumini na kukiweka juu ya sanduku la umeme kipate moto. Trei ya ndoo inakaa vizuri hapo, plastiki inayeyuka. Wanawake walipoanza kuajiriwa chini ya ardhi miaka ya 1970, nao walishuka na ndoo zao, na nyumbani swali la nani anamfungashia nani likabadilika.

Anayetaka kuona mazingira ya ndoo hizi kabla ya kununua aende Matewan, kwenye jumba la makumbusho la vita vya migodini la West Virginia, lililofunguliwa mwaka 2015 na sasa limo ndani ya jengo la zamani la benki. Tarehe 19 Mei 1920, maajenti wa Baldwin-Felts, kampuni ya wapelelezi wa kukodiwa, walifika mjini humo kuwafukuza wachimbaji waliojiunga na chama cha wafanyakazi cha United Mine Workers kutoka nyumba za kampuni ya Stone Mountain, vitanda, vyombo na watoto vikitolewa nje. Jioni risasi zikalia karibu na kituo cha reli. Walikufa watu 10: maajenti 7, wachimbaji 2 na meya Cabell Testerman. Familia zilizofukuzwa ziliishi kwenye mahema, kama yale ya Lick Creek karibu na Williamson, majira ya baridi yakiwapitia humo. Ukielewa kwamba nyumba, jiko na kisima vyote vilikuwa vya kampuni, utaelewa kwa nini vitu vichache ambavyo kweli ni vya familia, ndoo ikiwemo, vilishikiliwa hivyo. Angalia saa za kufungua kabla ya safari. Waswahili wa Lexington, Kentucky, wanaweza kufika kwa gari kwa saa tatu hivi kupitia Pikeville, na wakiwa Williamson wapite pia kwenye nyumba iliyojengwa kwa tani 65 za makaa mwaka 1933. Iliungua mwaka 2010 ikakarabatiwa.

Kwa matumizi ya kila siku, nunua ya alumini, yenye trei mbili, mfuniko unaobana kwa kusukuma kwa viganja viwili, na mpini wenye mbao. Kwa makaa ya chini au kwa kubebea kwenye pikipiki, chukua fupi. Bei hutegemea ukamilifu kuliko umri, kwa hiyo anza kwa kuuliza ilipo trei ya juu. Ukifika nayo nyumbani, kila jioni mwaga maji yote, ioshe, kisha uiweke wazi kichwa chini usiku kucha, trei zikiwa nje: ndoo inayofungwa ikiwa na unyevu hunuka upesi na huanza kutoboka.